Nililiona Kosa Kwenye Faili la Ithibati, Nikamwambia Bosi Wangu Apeleke

Admin, jina langu lifute kabisa, maana ofisini kwetu wote wanafuata ukurasa huu na kukisia ndiyo kazi wanayoiweza.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, nina mume na watoto watatu. Naishi Dodoma mjini na ninafanya kazi kwenye chuo kikuu kimoja cha serikali, kitengo cha uthibiti ubora. Kitengo hiki nilikikaimu miaka sita. Nilipomwambia mama yangu kule Buigiri kwamba nimekuwa kaimu mkuu, lile neno kaimu alilitupa palepale, Jumapili akawatangazia wenzake kanisani kuwa mwanawe ni mkuu. Sikumsahihisha. Na mimi nilishaanza kuamini.

Mwaka jana wakaleta mkuu kamili. Nimwite Zaituni, binti wa Kirangi kutoka Busi, ananizidi elimu tu, umri nimemzidi miaka minane. Miaka ya nyuma alipoajiriwa kitengoni kwetu hakujua hata kupanga faili, mimi ndiye niliyemfundisha. Akaenda kusoma nje, akarudi daktari, akapewa kiti nilichokuwa nakipasha moto. Jamani, wivu niliokuwa nao sijawahi kuuona kwa mtu mwingine. Akivaa vizuri naumia. Wahadhiri wakicheka ofisini kwake naumia. Kila asubuhi ananiambia, "Shikamoo dada," kwa adabu zote, nami nazidi kuchukia kwa sababu hanipi hata sababu ya kumchukia. Aliwahi kuniletea dumu la mafuta ya alizeti kutoka kwao. Mume wangu alipoonja mboga akasema, "Huyu binti ana utu." Kesho yake dumu zima nikampa jirani.

Sasa, chuo chetu kilikuwa kinatathminiwa ili ithibati yake iendelee. Jopo la tathmini linakuja, linafungua mafaili, linauliza ushahidi wa kila mnachodai mnafanya. Tuliandaa miezi mingi. Siku moja kabla, jioni, Zaituni akaniita ofisini kwake, akanipa faili la mwisho, la shahada moja ambayo mtaala wake ulibadilishwa yeye akiwa masomoni.

"Dada, macho yangu yamechoka na hili mimi silijui vizuri. Naomba ulicheki, halafu nisaini."

Nikalifungua. Ndani kulikuwa na mtaala wa zamani. Yote miwili ina jalada la bluu, na aliyepanga alichukua usio sahihi. Nililiona kosa ukurasa wa pili tu. Mtaala mpya niliusimamia mwenyewe, hata usingizini ningeujua. Nikamtazama alivyokaa kwenye kile kiti, kalamu mkononi, ananisubiri.

Nikamwambia, "Peleka tu mdogo wangu, limekaa vizuri."

Akashukuru, akasaini.

Kesho yake mwenyekiti wa jopo akamuuliza mbele yetu, "Daktari, huu ndio mtaala mnaofundishia sasa?" Akajibu bila wasiwasi, "Ndiyo, mwenyekiti." Wanafunzi walipohojiwa wakataja masomo ambayo kwenye ule mtaala hayamo. Idara wakakimbia kuleta nakala sahihi, lakini hoja ilishaandikwa: chuo kimewasilisha waraka usio sahihi, na kumbukumbu zake haziaminiki. Ithibati imewekwa kiporo mpaka tujibu. Nami nilikuwa nimekaa nyuma, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka chakula cha mchana.

Uongozi unataka mtu wa kubeba mzigo. Zaituni amepewa barua ajieleze kwa nini asivuliwe ukuu. Mimi nimeshaitwa pembeni nikaambiwa nijiandae kukaimu tena.

Juzi akaja mezani kwangu na maelezo yake yamechapwa. Nikayasoma mara mbili nikitafuta jina langu. Halipo. Ameandika kwamba alilikagua faili peke yake.

Nikamuuliza, "Mbona hujasema nililipitia mimi?"

Akasema, "Aliyesaini ni mimi. Na wewe dada una watoto wanasoma, kwa nini tuzame wote? Kupitiwa ni ubinadamu."

Yeye anaamini nilipitiwa. Nilitaka kusema palepale. Badala yake nikamwambia pole, akaniachia hiyo barua ya maelezo nimkagulie makosa ya uchapaji, akaondoka, nikaenda kulia chooni.

Barua anaiwasilisha Jumatatu. Nikisema ukweli, naweza kupoteza kazi, na mama ataulizwa kanisani. Nikinyamaza, yeye anaondolewa kwa kosa ambalo neno langu moja lingelizuia. Mume wangu hajui lolote.

Mtakaonitukana, tukaneni, nastahili. Ila mkimaliza nishaurini, nifanye nini, na mfanye haraka. Maana nawaambia ukweli ambao hata kwenye maombi sijautamka: leo asubuhi, barua yake ikiwa bado kwenye mkoba wangu, nilimsikia anacheka na wahadhiri, na roho ikaniuma vilevile.