Nilitangaza Zile Taa za Angani, Sasa Wakwe Wanataka Kuninyoa

Admin, nifichie jina, huku kila mtu ana simu siku hizi. Mimi ni mwanaume wa miaka 33, mzaliwa wa Nanganga, Ruangwa. Nimeoa Marambo, Nachingwea, na kwa desturi yetu mimi ndiye niliyehamia kwa wakwe. Nina watoto wawili wa kike, nalima ufuta na korosho. Naandika haya sina hasira wala machozi. Nikijigusa naona kama nimemgusa mtu mwingine.

Jamani, kosa langu ni roketi. Kuna makampuni ya watu binafsi huko ng'ambo, si serikali, yanaunda roketi na kurusha setilaiti za intaneti. Wenzangu wanapenda mpira, mimi napenda hizo. Nilikuwa naweka bando tuangalie zikiruka, mke wangu kaniegemea bega. Siku ya kwanza alipoona kile kipande cha chini kinarudi ardhini na kusimama wima, alipiga makofi: "Baba Zai, huyo karudi kama kuku anayejua banda lake!" Tulicheka mpaka watoto wakaja kuuliza kuna nini.

Msimu uliopita tukiwa tunakung'uta ufuta, nikawaambia watu kwamba leo baada ya Magharibi zitapita taa nyingi angani, zimejipanga mstari. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kuwa setilaiti zimerushwa juzi yake. Shemeji yangu akauliza, "We umejuaje?" Badala ya kueleza, nikajishaua: "Nimeziagiza mwenyewe, zinakuja kunisalimia." Wakacheka wote. Mdomo huu!

Zikapita kweli, saa ile ile. Mjomba wa mke wangu, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wao, alikuwa anaumwa presha muda mrefu. Aliomba azione, nikambeba mwenyewe mpaka uani, akafurahi sana. Siku ya tatu akafariki.

Baada ya arobaini nikaitwa kwenye kikao. Shemeji akasema, "Huyu alituambia kaziita, na ndiye aliyemtoa marehemu nje kwa mikono yake." Nikaeleza roketi, nikaeleza kampuni, nikaonyesha na video. Mzee mmoja akanikatiza: "Kijana, kampuni ya mtu inafika wapi mbinguni? Hiyo kazi ya serikali, na serikali ingetutangazia." Nikasema basi muulizeni mke wangu, huwa tunaangalia wote. Mke wangu akatazama mkeka. "Mimi sijui anachotazama humo," akasema. Tangu hapo sisikii kitu. Nakula, nalima, naitikia salamu, basi.

Wameamua ninyolewe. Kwa wasiojua, huku mtu akituhumiwa uchawi huletwa mganga, anamnyoa nywele zote mbele ya watu na kumnywesha dawa, halafu yanaisha. Lakini hayaishi. Ukikubali umekiri, na mtoto wa jirani akiugua wanakuja kwako. Wanangu wataitwa watoto wa mchawi. Nikikataa, nirudi Nanganga peke yangu, maana watoto ni wa ukoo wa mama yao. Zai ana miaka sita, mdogo wake hata kuongea vizuri bado.

Nilimuuliza mke wangu kwa nini alinikana. Akasema, "Ningesema najua, tungenyolewa wawili. Watoto wangebaki na nani asiyeitwa mchawi?"

Ni Ijumaa hii baada ya swala. Jana mke wangu katoka dukani na wembe mpya, akauweka juu ya kabati. "Mganga ana mmoja tu, anawanyolea watu wote," akaniambia. "Huu mpe wewe mwenyewe, usije ukapata maradhi." Nikamwambia asante.

Ndugu zangu, nikae ninyolewe kwa kitu ambacho sikufanya, nibaki na wanangu? Au niwaache nirudi kwetu? Nishaurini kabla ya Ijumaa, nifanye nini? Wembe bado uko kabatini, naye kila akipita anauangalia kama bado upo.