Nilimzika Ndugu Yangu kwa Picha ya Sanamu

Mimi ni mwongo, na uongo wangu umevunja nyumba ya mdogo wangu. Nimenyamaza wiki tatu, leo nimeshindwa!

Kwetu ni Kivu, Kongo. Mdogo wangu wa kiume alichukuliwa kuwa askari, vita vikammeza. Miaka minane hakuna habari. Mama akakataa matanga, akasema hamlilii mtu asiye na kaburi. Mke wa mdogo wangu naye akangoja.

Mimi niko huku Minnesota, nahudumia wazee mjini Maplewood. Kila simu Mama aliuliza jambo moja: umesikia habari yake? Nilichoka, jamani!

Karibu na kwangu pana sanamu ya shaba. Si ya jenerali, ni askari wa kawaida, kabeba bunduki na blanketi. Ni ukumbusho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani, vya zamani sana. Chini yake kuna majina tele. Nikaipiga picha kwa mbali makusudi, majina yasisomeke, nikaituma nyumbani, kisha nikampigia Mama.

"Mama, mtoto alikufa. Huku wameandika askari wote waliopotea vitani, hata wa kwetu, naye yumo. Kaburi lake ndilo hili."

Binti yangu alikuwa pembeni. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba sanamu ile si ya vita vyetu. Nikamkaripia!

Mama hajui kusoma, na wanaojua waliniamini kwa kuwa niko Amerika. Matanga yakawekwa, yakaisha. Mama akaanza kulala usingizi. Nikajisifu, mjinga mimi! Baadaye wazee wa ukoo wakamruhusu mke wa mdogo wangu aolewe tena. Sasa ana mtoto mchanga.

Wiki tatu zilizopita simu iliita nikiwa kazini. Ni yeye, mdogo wangu! Alikuwa amefungwa msituni miaka yote hiyo, akatoroka, akafika nyumbani kwa miguu.

"Dada, niko muzima. Bibi yangu iko na bwana mwingine. Mama ananikimbia kama muzimu. Nani aliwaambia nilikufa?"

Nikasema sijui. Sijui! Nikakata simu.

Jana Mama alipiga akilia. Mdogo wangu ameondoka, hakuaga mtu.

"Uende uwaambie hao Wamarekani wafute jina yake, mutoto arudi."

Nikamjibu nitaenda. Uongo mwingine!

Ninyi mlio mbali na wazazi, mkiulizwa habari msiyo nayo, semeni hamjui, hata wakilia. Ningesema hivyo tu, leo mdogo wangu angekuwa kwake na mkewe.