Barua ya Mfalme Niliyoombwa Kuibeba

Ukiishi kwa kusafirisha mizigo unajifunza kutopokea bahasha ya mtu. Kwa hiyo mwalimu aliponiomba nimfikishie barua Kigoma, nilikataa.

Tulikuwa tumechangia kontena moja, nguo zangu za watoto kutoka soko la Zhanxi, kule kwa Wachina, na viatu vyake. Alikuwa Mkongomani wa Kalemie, na kabla ya biashara aliwahi kufundisha shule ya misheni. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vimerudi kwao, njia nzima askari wanapekua. Dada yake alikuwa ameolewa Kigoma, huko ndiko alikotaka barua ikatunzwe, na mimi ni mtu wa Kigoma.

"Ndani mna nini?" nikamwuliza.

"Barua ya roi, mama. Mfalme ule wa Wabeleji, wa zamani."

"Fungua. Nisichokiona sikibebi."

Akaifungua pale pale ofisi ya mizigo. Karatasi moja, imekuwa rangi ya chai, maandishi ya Kifaransa yamelala upande, na kwenye pembe tundu dogo la moto. Akanisomea taratibu kwa Kiswahili. Mfalme aliagiza kwamba ardhi isiyo na nyumba wala mazao ihesabiwe haina mwenyewe, na iwe mali ya serikali. Kwa neno hilo babu wa babu yake alipoteza msitu wa kuwindia na mashamba aliyokuwa ameyapumzisha.

"Nyinyi mliipataje?"

"Karani wa kizungu aliyekuja kuwafukuza aliisahau."

"Karani anasahauje barua ya mfalme?"

"Ndivyo tulivyoambiwa." Akaikunja. "Siku moja itasimama mahakamani."

Sikumwamini. Niliona kwamba nikiipokea, kesho atadai nimempotezea kitu cha thamani. Nikamwambia kwanza ikaguliwe. Msichana wa ofisi ile, Mchina aliyejua Kiingereza, alimfahamu mzee anayeuza vitabu na karatasi za kale karibu na mtaa wa Kangle. Akatupeleka mwenyewe.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo nyuma ya pazia, kwenye taa yake kali. Alikaa huko muda ambao mtu angemaliza kikombe cha chai. Mwalimu alisimama akilitazama lile pazia, nami nikimtazama yeye. Mzee alipotoka alitupa lenzi tuangalie, akaongea na msichana.

"Anasema mwandiko ni wa mtu," msichana akatafsiri, "lakini karatasi hii imepigwa chapa. Kalamu haikuigusa. Pengine zilichapwa nyingi."

Tulipofika barabarani mwalimu aliniuliza:

"Kwa nini aliipeleka nyuma?"

Na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Akaitoa, akapitisha kidole kwenye lile tundu.

"Tundu ni lile. Baba aliliunguza na kiko chake, nikiona." Tukatembea kidogo. "Kama zilikuwa nyingi, basi walizipeleka kila mahali."

Sauti yake ndiyo iliyonifanya niipokee. Mtu anayetaka kukutapeli haumii namna ile.

Nilipoifikisha Kigoma, dada yake alivaa miwani, akapitisha kidole gumba juu ya maandishi mara mbili. Alikuwa mama mtu mzima, hana haraka.

"Ya kwetu ilikuwa ya wino," akasema.

Nikamweleza yote, hata habari ya pazia. Ningeweza kuificha, lakini niliona kuficha ndiko kungenifanya mwizi.

"Na hili tundu, mama? Kaka yako amelitambua."

"Tundu mtu yeyote anaweza kuliunguza."

Alinimiminia chai, akakaa akinitazama ninavyokunywa. Sikuimaliza.

Safari iliyofuata nilimkuta mwalimu Zhanxi, anafunga robota la viatu. Alisema amemwandikia dada yake mara tatu kunitetea.

"Anajibu nini?"

"Anasema ni wewe uliyetaka ikaguliwe."

Hilo lilikuwa kweli.

"Na wewe unasemaje, mwalimu?"

Alivuta kamba, akaikaza kwa goti.

"Mimi nilikuwepo," akasema.

Nilisubiri aendelee. Aliniuliza habari za watoto, nikamjibu ni wazima, tukaagana vizuri. Baadaye nilisikia kutoka kwa msichana wa ofisi kwamba mzigo wake wa msimu ule uliondoka bandari ya Huangpu kwenye kontena alilochangia na mtu mwingine.