Jicho la Ramazani

Nilipokuwa mtoto kule Salamabila, nyumba yetu ilikuwa na bahati, au ndivyo tulivyoambiwa. Mdogo wangu Ramazani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, alikuwa na jicho moja lililong'aa weupe kila mwanga ulipolipiga. Wachimbaji wa dhahabu walisema jicho la namna hiyo linaona chini ya udongo. Kabla ya kufungua shimo jipya walikuja kumwazima.

"Mama Ramazani, utupatie kwanza mutoto," walimwambia mama. "Iko na jicho ya dhahabu."

Walimkalisha chini, na upande aliogeukia ndipo walipopiga sururu. Shimo likitoa dhahabu, alirudishwa pamoja na samaki na kitenge cha kumpa mama. Shimo likikauka, walisema mtoto alikuwa na usingizi. Mimi nilitembea kifua mbele. Nani mwingine alikuwa na mdogo kama wangu?

Kisha jicho likavimba, likatoka nje. Bibi alisema dhahabu imekuja kuchukua chake. Tulimzika mvua zikiwa bado zinanyesha.

Sasa naishi Kasongo, nauza vipuri vya pikipiki. Mwaka jana nilimpiga binti yangu Zaina picha kwa simu, na kwenye picha jicho lake moja lilikuwa jeupe. Mama, ambaye anakaa nasi, aliitazama, akatabasamu.

"Ramazani amerudi," akasema.

Nilimbeba Zaina moja kwa moja hadi hospitali.

Daktari alimziba jicho lililo zima, akamnyooshea biskuti. Mtoto anayependa biskuti kuliko anavyonipenda mimi alibaki akipapasa hewa.

"Hii jicho haione kitu," daktari alisema. "Ni kansa. Mu jamaa yenu kulikuwa mutoto mwingine wa hivi?"

Nilikaa chini bila kukaribishwa, nikamtajia Ramazani. Akanieleza kwamba ugonjwa huu unaweza kurithiwa, kwamba huenda naubeba mimi bila kuugua, na kwamba kila mtoto nitakayemzaa apimwe macho mara tu anapozaliwa. Zaina alipelekwa Bukavu, jicho likatolewa mapema, akapewa dawa. Leo anafukuza kuku uani.

Bado nashtuka nikifikiri. Watu wazima wote wale walilitazama jicho la Ramazani kila siku, na hakuna aliyeuliza kama linaona.

Tuliporudi nilimweleza mama yote. Akauliza, "Na Ramazani, wangetoa jicho lake mbio, angepona?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa najua.