Kunde za Pori na Ule Uzito

Mkwe wangu na mimi hatusemeshani. Hatujagombana. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwanao hukukwepa wewe baba mkwe, ndiyo heshima yenyewe. Vijana wengi wameiacha, ila kwangu bado ipo, na siku ile nusura iniue kwa hofu.

Binti mmoja mtafiti, wa chuo kikuu, aliomba kona ya shamba langu hapa Ipyana, zinapojiotea kunde za pori. Alinieleza vizuri, ila mimi niliishia darasa la pili na kichwa changu hushika kinachotaka. Alivaa glovu, akamwagilia maji yenye kitu alichokiita naitrojeni nzito, kwenye kunde na kwenye nyasi za jirani. Nyasi, alisema, zinakula ya ardhini tu, kwa hiyo zitajaa ule uzito. Kunde zinajipatia nyingine hewani, nyepesi, basi uzito ndani yake utazimuka kama pombe iliyoongezwa maji. Akipima tofauti, anajua kunde zimekula hewa kiasi gani. Akazungushia kamba.

"Babu, asichume mtu hapa."

Kwa nini, hakusema. Nikabaki na neno moja tu: nzito.

Asubuhi moja nikakuta machipukizi yote yamechumwa. Nikakimbilia nyumbani. Kwenye mafiga kuna chungu cha Ikombe (kina mama wa kule wanafinyanga kwa mkono, vinakuja kwa mtumbwi, na mboga ya humo haina mfano), lakini nilikuwa nasema nini? Mboga imeshaliwa, yamebaki makombo. Na mkwe wangu alikuwa mja mzito, karibu kujifungua.

Huko Malawi tulisikia kuna madini yanayochoma mtu bila moto. Nikajua ndiyo hayo, yameshamfikia mjukuu wangu tumboni. Mke wangu yuko sokoni, mwanangu kavuka mpaka na biashara zake. Nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, nikamkabili kuku, maana mkwe husemeshwa kwa kupitia kitu kingine.

"We kuku! Mboga ya leo imetoka wapi?"

Sauti ya mkwe wangu ikatoka ndani: "We kinu, mwambie kuku nimechuma kwenye kamba. Zilikuwa laini."

"Kuku, muulize kinu kama tumbo linauma!"

"Kinu, sema mtoto anacheza tu. Kwani kuku ana nini leo?"

Nikampigia simu mtafiti. Akaja na bodaboda, amefura.

"Babu, mmeila kazi yangu!"

"Kazi yako itamuua mjukuu wangu?"

Akanywea. "Hapana, babu. Haichomi, wala si sumu. Hata hewa unayovuta ina hiyo nzito kidogo. Nilikataza ili vipimo visiharibike."

"Na glovu je?"

"Nisichafue majani."

Akakomba makombo chunguni, akala mbele yangu. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni sikuamini hata kidogo, na tangu siku hiyo, kila mkwe wangu akiguna nyuma ya ukuta, mimi jasho.

Siku alipojifungua nilisimama nje, chini ya dirisha la zahanati. Nikamsikia nesi kwenye mizani: "Mama weee! Huyu mzito!"

Nikakaa vumbini palepale.

Kisha sauti ya mkwe wangu, imechoka, ina kicheko: "We mizani, mwambie kuku asiogope. Huu ni uzito wa wali wa Ngonga niliokula, si wa kunde."