Mama mkwe anaapa mtu wa kwenye king'amuzi ni mume wangu

Admin, naomba unifichie jina langu, na hao nitakaowataja nimewabadilisha majina. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nnaishi Malindi, Unguja, kwenye nyumba ya mama mkwe wangu. Sina mtoto. Mume nnaye kwa jina tu, maana tangu aondoke huu ni mwaka wa saba na sijui kama yu hai au kafa.

Mume wangu, nimwite Nassor, alikuwa mpishi kwenye hoteli moja Nungwi. Tulikaa vizuri miaka minne, kisha akaniaga anakwenda Maskati kutafuta maisha. Mwanzo alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Baadaye akasema kuna wenzake wanavuka kwenda Ulaya na yeye anafuatana nao. Hiyo ndiyo simu ya mwisho. Tumeuliza kila tunayemjua huko Arabuni, hakuna mwenye habari. Mama yake, Bi Zuwena, hakuniacha. Mie ni yatima, na yule mama amenilea kama aliyenizaa, sijapata kusikia neno baya kinywani mwake. Mlijue hilo kabla hamjanijibu.

Mwaka jana nikaona basi. Nikaenda kwa Kadhi kuomba ndoa ifasikhiwe, na mie nipate kuolewa na kuzaa kabla umri haujanipita. Bi Zuwena alilia, lakini akanipa radhi. Kadhi akasema atawasikiliza kwanza ndugu wa mume, ndipo atoe hukumu.

Tukiwa tunangoja, shemeji yangu Suleiman, mdogo wake Nassor, akanunua king'amuzi cha kisasa, kile kinachorekodi chenyewe ndani bila ya kanda. Ukitaka unasimamisha picha, unairudisha nyuma, unaitazama tena. Siku moja akakitegea kirekodi mpira kwa kuwa alikuwa na zamu kazini. Kikaanza kabla ya mpira, kikanasa mwisho wa taarifa ya habari za nje. Mtangazaji wa kizungu amesimama kwenye soko la samaki la huko kwao, na nyuma yake akapita mwanamme mweusi kabeba kreti begani, akajipangusa jasho, akapotea. Kufumba na kufumbua. Bi Zuwena alikuwa mkekani anachagua mchele. Akasema kwa sauti ndogo, "Suleiman, rudisha. Huyo ni Nassor."

Suleiman akarudisha, akasimamisha, na yeye akasema ndiye. Nikaulizwa mie. Wallahi sikujua. Picha ikisimama uso unakuwa ukungu. Akitembea naona mwendo wa mume wangu, na kesho yake naona mtu nisiyemjua kabisa. Nimelala naye miaka minne na siwezi kuapa. Nikasema, "Mama, mie simuoni vizuri."

Akanijibu, "Mie nimemzaa."

Basi akaenda kwa Kadhi kusema mwanawe yu hai, kamuona kwa macho yake. Kadhi kaahirisha, kataka kiletwe hicho king'amuzi atazame mwenyewe. Na nyumbani, kila baada ya laasiri, Bi Zuwena ananiita, maana rimoti haiwezi. Nnaitika naam, nnakwenda, ananambia nimtilie mwanawe. Nnamtilia. Anamtolea salamu, anamuombea dua, halafu ananishika mkono, ananambia tusubiri tu, atarudi. Kitu kinachonifunga nnakibonyeza mwenyewe kwa kidole changu, na siwezi kumkatalia kwa sababu tangu amuone huyo mtu ndipo aliporudi kula na presha yake ikatulia. Kuna mgane mmoja wa Kizimbani alimwambia mjomba wangu kwamba nikishakuwa huru atakuja kuposa. Juzi kamwambia hanilaumu, ila hawezi kushindana na mtu wa kwenye televisheni.

Sasa wiki hii umeme umekatika na kurudi, umekatika na kurudi, king'amuzi kikaharibika. Kinawaka, kinaganda, picha inavunjika vipande vipande. Bi Zuwena chakula anakigusa tu. Akanituma mie kwa fundi, Darajani, kwa kuwa mie ndiye nnayekijua. Fundi kakifungua, akanieleza kwamba ile diski ya ndani inayohifadhi picha ina kasoro. Akiifuta yote kitafanya kazi kama zamani, lakini vilivyorekodiwa vinakwenda. Asipoifuta, huenda kikaonesha siku mbili tatu zaidi, huenda kisiwake tena. Nikamuomba aitoe hiyo moja tu aitie kwenye sidii. Akasema haiwezekani, zimefungwa humo humo, mashine nyingine haizisomi.

Wakati anakijaribu, picha ikatokea kidogo. Yule mtu akapita na kreti lake, na kwa mara ya kwanza nikamuona ni Nassor. Au pengine ni kwa sababu nilijua ndiyo mara ya mwisho. Fundi akaniuliza, "Dada, nifute au nisifute?" Nikamwambia nitarudi kesho.

Nilipofika nyumbani Bi Zuwena hakuuliza king'amuzi kitatengenea lini. Aliuliza, "Hajafutika?" Nikamjibu bado.

Siku ya kwenda kwa Kadhi imekaribia. Kikifutwa, Suleiman atasema nimefanya kusudi ili niolewe, na mama huyu sijui kama atainuka tena. Nikikiacha na kikabahatika kuwaka mbele ya Kadhi, nitabaki mke wa mtu anayepita nyuma ya mtangazaji. Na kama kweli ndiye, basi ni mzima, ana nguvu ya kubeba kreti, na simu hapigi. Hilo nalo simwambii mtu.

Ndugu zangu, wanawake wenzangu na nyinyi kina baba, msinitukane, nishachoka. Asubuhi fundi anafungua duka na mie nitakuwa nimesimama mbele yake. Nambieni, nimjibu nini?