Kichwa yangu mu ukuta ya Bungulu

Bandugu, ile haya ya Bungulu ningependa kuinyamazia, mais bibi yangu anaielezaka vibaya (anaongezaka hata kuku yenye haikukuwa pale), basi heri miye mwenyewe niseme.

Ilikuwa wakati wa vita, batu bengi ba Beni banauzisha manyumba juu bakimbilie Uganda, na miye nilikuwa naposa Kahindo, binti ya muzee mumoja wa Butembo, shemasi wa kanisa. Muzee alinipa sharti moja tu: "Mutoto wangu hatalala nyuma ya ukuta ya matope mu huu wakati wa masasi. Tafuta nyumba ya durable, ya matofali na ciment, nitakuja kuiona, kisha njo tutasema ndoa." Nikapata moja kule Bungulu, mu mutaa wa Beni, imepakwa peinture ya bluu, nzuri kama bibi-arusi, mwenye nyumba anaharakisha kukimbia, miye naharakisha kuoa, donc tukasikilizana vizuri sana.

Rafiki yangu Kasereka, ingénieur mwenye tunaimbaka naye mu chorale, akasema, "Acha niipime kwanza." Nikakatala. (Kupima nini? Ukuta ilikuwa inang'aa.) Mais nikawaza kama muzee ataniheshimu akiona niko na ingénieur yangu, basi nikamwambia Kasereka akuje tu siku ya muzee, avae casque ya kazi mu kichwa, apigepige ukuta na marteau, ile nyundo yake, aitikie na kichwa kama mutu mwenye kuridhika, halafu anyamaze.

Siku ikafika, muzee akakuja na bibi yake na bamama bengine ba familia. Kwetu mukwe na mama-mukwe banaogopana na heshima, habakulake pamoja, hata kuangaliana mu macho ni ya kuchunga. Donc bamama bakaingia mu chumba ya ndani na bugali yabo na samaki, siye banaume tukabakia mu salon, chumba ya wageni. Kasereka akapiga ukuta, akategea sikio. Akapiga tena. Uso yake haikukuwa ya kuridhika hata kidogo.

"Muhindo," akaniambia polepole, "hii ukuta..."

Nikamukata. Niliona Kahindo anapotea. "Muzee, ni durable kabisa, angalieni." Na nikaitupia bega, miye na uzito yangu yote, na costume, suti ya kuazima.

Ukuta ikanipokea. Ndani ilikuwa miti na matope, ciment ilipakwa tu juu, na nilipofungua macho, kichwa na mikono ilikuwa mu chumba ya bamama, matako imebakia mu salon mbele ya shemasi, na mama-mukwe ameshika tonge, tunaangaliana, samaki yote vumbi. "Jambo, mama," nikasema.

Nikataka kujivuta. Kasereka akapiga kelele kule nyuma: "Usitikisike! Ukitoka, paa itakufuata." Basi nikabakia pale, yeye anatafuta miti ya kuegemeza paa, na njo hapo casque yake ilianza kazi ya kweli. Mama-mukwe akajifunika kitenge mu uso. Nikazani analia. Kitenge ikaanza kutetemeka, kisha nikasikia kicheko, na bamama bote bakamufuata.

Ku nyuma yangu, sauti ya muzee: "Muhindo, ulishaka kutia signature ku karatasi ya kununua?"

"Hapana, muzee. Ingekuwa leo."

Nikasikia anabomoa kipande ya ukuta na vidole, udongo inaanguka chini. "Basi Mungu ni mwema," akasema, "afazali ipitishe kichwa ya mukwe kuliko masasi." Na yeye naye akaanza kucheka, shemasi muzima, mupaka akakosa pumzi. "Kasereka, nyumba ingine utaipiga weye. Huyu abakie inje."

Kasereka alipiga kuta nyingi za Beni mbele ya kutupatia nyumba yenye ukuta yake ilirudisha marteau, na Kahindo njo analalaka mule mupaka leo, pembeni yangu.

Mais siku ya ndoa, mama-mukwe aliniita nikule ku sahani yake. Bazee bakashangaa, bengine bakaguna. "Huyu alishaka kuniona na tonge mu mukono," akabajibu, "nitamuficha nini tena?" Tangu pale tunakulaka pamoja, na kila mara, mbele ya maombi ya chakula, anauliza kama niko mbali na ukuta. Niko mbali, mama. Siegemeake tena.